Sare: fundi anakosa cheti, si cherehani

Sare ni biashara isiyo na msimu. Skuli, hoteli, JKU, KMKM, Zimamoto, Mafunzo: wote huvaa, nguo huchakaa, oda hurudi. Lakini oda kubwa hutaka kitambaa kisichochuja wala kurudi kikifuliwa, na shati la elfu lilingane na la kwanza. Fundi mdogo wa Darajani atathibitisha kwa lipi? Kwa mdomo tu.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilinunua Rivatex ya Eldoret, kiwanda cha nguo kilichokuwa kimefilisika, kwa shilingi milioni 205 za Kenya, kiwe cha utafiti, mafunzo na uzalishaji. Mkopo wa India ukaleta mitambo, kikazinduliwa upya 2019. Mzigo huo tusiuige.

SUZA ianze na maabara ya kupima vitambaa na kutoa cheti, na vikosi vitangaze vipimo vya sare zao (si siri ya vita, ni mishono). Hapo mafundi watano wenye vyerehani kumi wataungana waingie zabuni.

Hadi hapo, mwenye mtaji mdogo asikope mashine kwa tamaa ya oda za Serikali. Abaki na sare za skuli. Mzazi hulipa taslimu.