Hofu ya Hesabu Tunawafundisha Sisi
Na Mama Nafula

Jumamosi, katika saiba moja pale Mautuma, nilimkuta mzee akiwachagulia pacha wake wa Gredi ya 9 mikondo ya Sekondari Pevu. "Kijana muwekee STEM," alimwambia mhudumu, yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. "Huyu msichana mtafutie kitu chepesi."

Matokeo yao yalikuwa mezani. Hisabati walikuwa sawa! Nikamuuliza mzee sababu. "Huyu huogopa hesabu." Binti akainama, akasema akiitwa ubaoni mkono humtetemeka. Mhudumu naye akadakia: "Mama Nafula, hesabu si za kila mtu."

Nilichemka, na bado nachemka. Alama ni zilezile, lakini wa kiume anasukumwa mbele na wa kike anaonyeshwa mlango. Hofu hiyo hakuzaliwa nayo. Amemezeshwa nyumbani na darasani.

Njoo sokoni kwangu. Pale mama hununua gunia la mahindi la kilo 90, akajua atapata gorogoro 45 za kilo mbili mbili, akatoa nauli ya boda na ushuru, na faida anayo kichwani kabla mteja hajafungua pochi. Huyo hajawahi kuambiwa hesabu si zake. Bintiye ndiye anayeambiwa, tena akiwa amevaa sare ya shule.

Matokeo ya mtihani wa KCSE hutangazwa, wasichana wameongoza Kiswahili na Kiingereza, wavulana wameongoza hisabati, nasi tunapokea kama amri ya Mungu. Kule Marekani, utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba mwalimu wa kike anayeogopa hesabu huwaambukiza wanafunzi wa kike imani kwamba hesabu ni za wavulana, nao wakashuka katika somo hilo, huku wa kiume wakisalimika. Hofu hufundishwa kama somo jingine lolote.

Na huko kwepesi binti hatakwepa kitu. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu iliamua hisabati ibaki ya lazima katika mikondo yote: walio STEM wasome ile nzito, wengine wasome iliyopunguzwa. Kwa hiyo hesabu atakutana nazo vilevile. Atakachokosa ni uhandisi.

Mzee alilipa, wakaenda.

Mzazi, binti yako akikwambia anaogopa hesabu, keti naye mfanye swali moja, kisha la pili. Kama hilo linakushinda, basi funga mdomo, usimchagulie hofu.