Si kila kitu ni "mtandao", jamani

Wadau, hivi ni mara ngapi umefika dirishani ukaambiwa "mtandao unasumbua, njoo kesho"? Na kesho ukarudi, maana utafanyaje? Neno mtandao limekuwa gunia, kila tatizo la kompyuta tunalitupia humo. Mimi nasema tuanze kutenganisha, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine kabisa, na madhara yake ni makubwa zaidi.

Mtandao ukikatika unajua. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, wengi tulikaa tukitazama kurasa zisizofunguka. Ugonjwa ninaousema haufanyi hivyo. Kila kitu kinafunguka vizuri, halafu namba unayoonyeshwa ni ya juzi.

Wataalamu wanaita kache. Programu kubwa za biashara haziendi kwenye kanzidata kila unapobonyeza, zingelemewa. Zinaweka nakala ya majibu karibu, kama mwenye duka anayeikariri bei ya sukari badala ya kupekua daftari kila mteja akiingia. Safi sana, mpaka siku bei inabadilika na hakuna aliyemwambia.

Niliyaona haya Likawage, huko ndani Kilwa, nilipokwenda kufuatilia habari za ufuta. Siku hizi ufuta wa Lindi unapita kwenye vyama vya msingi, unaingia ghalani, unauzwa kwa mnada wa TMX. Mzee mmoja alikuwa na karatasi yake ya mizani, simu ya karani ikaonyesha kilo pungufu. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mwandiko huu si wako?" Karani, kijana wa rika langu, jasho likamtoka. Watu wakaanza kunong'ona, na sote tunalijua neno linalonong'onwa kwenye mambo ya ushirika. Walipofungua akaunti ileile kwenye kompyuta ya mhasibu, kilo zote zilikuwepo. Kijana wa watu amekuwa mwizi kwa saa mbili nzima kwa sababu ya nakala iliyochacha.

Sasa swali langu: kwa nini shaka ilianza kwa binadamu? Kulinganisha vifaa viwili ni kazi ya dakika moja. Namba zikitofautiana, mshukiwa wa kwanza ni kache. Toka kwenye programu, ingia upya. Bado, futa kache. Vifaa vyote vikionyesha kosa lilelile, huenda kache iliyochacha ni ya kwenye seva, na hapo apigiwe simu fundi wa mfumo, karani aachwe apumue.

Ila hapa pana mtego, nawaomba msome taratibu. Kwenye simu nyingi "futa kache" na "futa data" vimekaa jirani. Cha kwanza kinaondoa nakala za muda. Cha pili kinaweza kufagia hata mizani ulizoingiza leo ambazo bado hazijafika kwenye seva, na hizo hazirudi. Bila karatasi, hapo mkulima ameumia kweli.

Mkidhani nakuza mambo, tazameni Uingereza. Kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, ushahidi ukitoka kwenye programu ya Horizon iliyotoka Fujitsu. Wapo waliofungwa. Makosa ya programu ile yalikuwa ya aina nyingi, si kache tu, lakini tabia ni ileile: kompyuta imesema, basi binadamu kaiba. Mahakama Kuu ilikubali mwaka 2019 kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro, na sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla ikapita Mei 2024. Hao ni watu wenye mawakili na magazeti mlangoni. Karani wa Likawage ana nani?

Ninachodai si kikubwa. Pembeni mwa kila namba paandikwe saa iliyochukuliwa kwenye kanzidata, ili mzee na karani wote waone kwamba hii ni ya jana saa kumi jioni. Na mfumo mpya ukizinduliwa wilayani kwa utepe na hotuba, waandishi wenzangu, tuulizeni saa hiyo iko wapi kabla hatujapanga foleni ya soda.