"Ni Kampira Tu": Uzawa wa Makaratasi na Vali za Nyamongo

Kila mjadala wa dhahabu ya Mara unapoibuka, sisi wasomi hukimbilia mambo makubwa: mrabaha, hisa, mikataba, fidia. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia. Mwaka 2019 tukajifunza jina la Twiga, kampuni ambayo Serikali inashikilia asilimia 16 ya hisa zake. Ni mambo ya haki, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu leo unahusu kitu kinachoenea kiganjani, ambacho hakijawahi kutajwa kwenye jukwaa lolote la siasa. Ni kipande cha mpira kinachokaa ndani ya vali na kuzuia kilichomo bombani kisitoke.

Mhandisi mmoja niliyemweleza kwamba nitaandika juu ya jambo hili alicheka. "Daktari, hicho ni kampira tu." Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Tuanze na mahali penyewe. Kiwanda cha kuchenjua dhahabu pale Nyamongo, wilayani Tarime, husaga mwamba mpaka uwe unga, kisha huuchanganya na maji, chokaa na sayanidi. Rojo hilo husukumwa kwa mabomba kutoka tangi hadi tangi, na mabaki yake huishia kwenye bwawa la topesumu. Kila mahali ambapo mtiririko unatakiwa kufungwa, kufunguliwa au kupunguzwa, pana vali. Mwili wa vali ni chuma, lakini chuma kinachokutana na chuma hakiwezi kuziba rojo lenye mchanga, kwa kuwa chembe moja ikinasa katikati huacha mlango wazi. Kwa hiyo ndani ya vali huwekwa kitu laini: kiwambo cha mpira, pete ambayo mafundi huiita oringi, au soksi nzima ya mpira inayobanwa mpaka njia ifungwe.

Sasa tazama ramani. Chini ya mgodi unapita mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara. Ng'ambo ya Mto Mara ni wilaya ya Serengeti. Mto huo huo umetoka msitu wa Mau nchini Kenya, ukapita hifadhini, na unaelekea Ziwa Victoria. Watu na ng'ombe wa pande zote mbili huyategemea maji hayo. Mei 2009 maji yenye tindikali yalitoka mgodini na kuingia Tigithe. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu, na Julai mwaka huo bwawa hilo likasimamishwa.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba vali ndiyo iliyoharibu mto mwaka 2009. Maelezo ya kampuni wakati ule yalikuwa kwamba wavamizi waliiba plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa. Lakini hebu tuyatafakari hayo maelezo. Kati ya sumu na mto palikuwepo ngozi nyembamba ya plastiki. Plastiki ya bwawa na mpira wa vali ni ndugu wa ukoo mmoja: vitu laini tulivyovikabidhi kazi ya kulinda maisha, na ambavyo hapa kwetu hakuna anayevibuni, anayevipima kwa dhati wala anayevijua vinavyochoka.

Na vinachoka kweli. Kiwambo cha vali hupinda na kunyooka kila vali inapofungwa na kufunguliwa. Ukikifanya kinene ili kihimili msukumo, ngozi yake ya nje huvutika zaidi kwenye kila mkunjo. Kwa mkunjo ule ule, unene ukiongezeka maradufu, mvutiko nao huongezeka maradufu, na nyufa huanza. Ukikifanya chembamba, msukumo wa bomba hukitoboa. Ndiyo maana wabunifu hufuma kitambaa cha nailoni katikati ya mpira, kitambaa kibebe msukumo na mpira ufanye kazi ya kuziba. Halafu pana ukingo, pale kiwambo kinapobanwa na bolti. Mpira hausindiliki, ukiuminya upande mmoja hutokeza upande mwingine. Fundi anayekaza bolti kwa nguvu zake zote, akidhani anaongeza usalama, huukamua mpira utoke mahali pake, na mpasuko huanzia hapo hapo. Oringi nayo ina hesabu zake: kwa kawaida hubanwa asilimia 15 hadi 25 ya unene wake, na mfereji inamokaa lazima ubakize nafasi, kwa sababu mpira hutanuka kwa joto mara kumi na zaidi kuliko chuma.

Kisha ndipo linapokuja swali la mpira upi. Mpira wa asili huvumilia mchanga unaokwangua kuliko karibu mpira wowote wa kiwandani, lakini mafuta huuvimbisha. Naitrili hupatana na mafuta na huchukia jua. EPDM hustahimili maji ya moto na chokaa, ila mafuta huiharibu. Mpira wa Viton, ambao ni ghali, hushinda joto na tindikali nyingi lakini huwa dhaifu mbele ya alkali kali, na rojo la sayanidi ni la alkali kwa makusudi. Chokaa huwekwa ili pH ibaki juu ya 10, maana ikishuka sayanidi hugeuka hewa ya sumu. Kwa hiyo mnunuzi anayechagua mpira wa bei ya juu kabisa akiamini kwamba ghali ni bora, anaweza kuwa amenunua unaokufa mapema kuliko wote.

Je, hili ni jambo dogo? Januari 28, 1986 chombo cha Challenger cha Marekani kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Chanzo kilikuwa pete za mpira katika maungio ya roketi, zilizopoteza wepesi wake kwa baridi ya asubuhi ile. Mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira huo, akakichovya katika glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, na kikachelewa kurudi katika umbo lake. Taifa lililofika mwezini lilinyenyekezwa na kampira.

Nirudi Afrika, maana kuna kisa ambacho wanafunzi wangu huwa hawakijui. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, P. K. Saunders, alichoshwa na hewa iliyobanwa kuvuja kwenye vali za migodi ya dhahabu. Akabuni vali ambayo kiwambo cha mpira hushuka juu ya kizingiti na kufunga njia yote. Hadi leo vali za aina hiyo zinajulikana duniani kote kwa jina lake. Zinatumika kwenye viwanda vya dawa, vya bia na vya kemikali. Zilizaliwa katika mgodi wa dhahabu wa Afrika, kwa sababu aliyekuwa na tatizo alikuwa na maarifa, karakana na ruhusa ya kulitatua. Sisi tuna migodi ya dhahabu. Tatizo tunalo. Mengine yako wapi?

Tuna Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018. Nazisifu kwa nia yake. Lakini tazama zinavyotekelezwa katika kampira. Kampuni ina wanahisa Watanzania, ina ofisi Dar es Salaam au Mwanza, ina leseni na namba ya mlipakodi. Inaagiza boksi la sili kutoka ng'ambo, inaongeza asilimia zake, inapeleka mgodini. Fedha hiyo inaingia kwenye hesabu ya manunuzi ya ndani, na mwisho wa mwaka tunapigiwa makofi. Kilichobaki Tanzania ni faida ya dalali na boksi tupu. Mchoro haukubaki, mchanganyiko wa mpira haukubaki, wala ujuzi wa kujua kwa nini sili ya mwezi uliopita ilipasuka haukubaki. Huo ndio ninaouita uzawa wa makaratasi.

Upande wa Serikali hatuna cha kujitetea nacho sana. Nimesoma zabuni za taasisi za umma, ambazo sitazitaja, zilizoandikwa: "gasketi za mpira, pisi 40." Basi! Hakuna aina ya mpira, hakuna ugumu wake kwa kipimo cha Shore, hakuna joto, hakuna msukumo wa bomba, hakuna tarehe ya kutengenezwa, ilhali mpira huzeeka hata ukiwa stoo, hasa stoo yenye bati la moto na jua la dirishani. Kisha anashinda mwenye bei ya chini, na sheria inakuwa imefuatwa. Nawe afisa manunuzi unayesoma hapa, hujavunja kanuni yoyote. Umenunua uvujaji kihalali.

Haya hayaishii mgodini. Mji wa Mugumu hunywa maji ya bwawa la Manchira, nayo hupita kwenye vali. Taarifa za EWURA huonyesha mwaka hadi mwaka kwamba mamlaka za maji nchini hupoteza zaidi ya asilimia 30 ya maji zinayozalisha, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Si yote yanapotelea kwenye sili zilizochoka. Mengine ni wizi, mengine ni mabomba mabovu na mita zisizosoma. Lakini sehemu ya shilingi hizo inadondoka tone baada ya tone mahali ambapo mpira wa shilingi elfu chache ungetosha.

Wapo watakaosema malighafi hatuna. Huo ni uongo wa kujirudiarudia. Mjerumani alipanda mpira Muheza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa ushindani wa Malaya ndipo akaachana nao. Baadaye tukawa na mashamba ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, ambayo yalilisha ndoto ya kiwanda cha matairi cha General Tyre, Arusha, kilichosimama mwaka 2009. Tulivyolilia tairi! Tairi ni biashara ya mtaji mkubwa na washindani wa kutisha. Soksi ya vali ya rojo, ambayo mpira wake bora mara nyingi ni huu huu wa asili unaotoka mtini, inahitaji kinu cha kuchanganyia, salfa, unga wa kaboni, umbo la chuma na mashine ya kukandamiza yenye joto la nyuzi 150 hivi. Hilo si jambo la kumshinda SIDO, TEMDO wala TIRDO, iliyoanzishwa kwa sheria tangu mwaka 1979.

Wengine watasema soko ni dogo na mgodi unataka vipuri vyenye vyeti. La vyeti nakubali nusu. Hakuna anayependekeza kesho asubuhi tuweke kiwambo cha majaribio kwenye bomba la sayanidi. Tungeanza na maji safi, kisha maji ya mchanga, kisha rojo lisilo na sumu, tukihesabu mizunguko hadi mpira upasuke, tukiandika kila kitu. Vyeti huzaliwa na kumbukumbu za namna hiyo.

Tatizo la ndani zaidi liko kwetu sisi wa vyuoni. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho hakihitaji kutajwa, mwanafunzi alileta pendekezo la mradi wa mwaka wa mwisho: kubuni kiwambo cha vali ndogo na kukijaribu mpaka kife. Jopo lilimuuliza, "Kwani hii hainunuliwi?" Akashauriwa atafute kitu "cha kisasa". Alimaliza na programu ya simu ya kuuzia mahindi. Alipata alama A. Ninajua programu hiyo haijauza hata debe.

Wakati huo huo, wachimbaji wadogo wanaochenjua marudio kwenye matangi ya vati hukata gasketi kutoka mpira wa ndani wa tairi la lori. Tunawacheka. Lakini mipira mingi ya aina hiyo ni ya butili, inayobana hewa vizuri na kustahimili alkali, kwa hiyo fundi yule asiye na cheti huenda amefanya uchaguzi bora kuliko ofisi iliyoandika "pisi 40". Amebahatisha, ndiyo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwa nini imekubali, na lini itakataa.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki kufa, kamati ya Serikali ilisema chanzo ni kinyesi na mikojo ya mifugo, na mitandao ikalipuka kwa kejeli. Sirudii ubishi ule. Nasema tu kwamba mwananchi wa Nyamongo au Mugumu hana sababu ya kuamini jibu lolote, liwe la kweli au la uongo, pale ambapo maarifa yote ya mitambo iliyo juu yake yanakaa kwa mwenye mtambo. Mkaguzi wa NEMC anayeingia kiwandani angepaswa kudai daftari la sili: vali ipi, mpira gani, umewekwa lini, umedumu saa ngapi, umeondolewa ukiwa na hali gani. Daftari hilo lingemweleza mengi kuliko chupa ya maji aliyoichota siku moja ya mwaka.

Na viwambo vilivyokufa visitupwe. Kila vali inapofunguliwa kwa matengenezo hutoka kitabu cha kiada: hapa umekwanguliwa na mchanga, hapa umevimba, hapa ulikazwa kupita kiasi. Vioshwe sumu, viwekwe lebo ya saa vilizofanya kazi, vipelekwe katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama, mkoani humo humo Mara, wanafunzi wavikate na kuvisoma. Hili halihitaji bajeti ya Bunge. Linahitaji barua ya Tume ya Madini, sahihi ya mkuu wa chuo, na pikapu moja ya kubeba maboksi kutoka Nyamongo hadi Butiama, safari ya kwenda na kurudi ndani ya siku moja.