Waketi Kabla ya Kisu

Mwanamke wa Likoni, Mombasa, mwenye saratani ya titi akiuliza kama anaweza kutengenezewa titi jingine, kuna jambo moja la kumwambia kwanza: kama atapigwa mionzi au la. Hilo ndilo linaloamua mengi yanayofuata. Mara nyingi madaktari wanaweza kulikadiria mapema, kwa kutazama ukubwa wa uvimbe na kama saratani imeshafika kwenye tezi za kwapani. Basi kwa nini lingoje hadi ameshashonwa?

Mionzi inaokoa maisha na mtu asiikimbie. Lakini huacha athari. Mishipa midogo ya damu kifuani huharibika, ngozi hukaza, vidonda huchelewa kupona. Kuweka mfuko wa silikoni chini ya ngozi hiyo ni sawa na fundi kushona kiraka kwenye kitambaa kilichoungua kwa pasi: sindano inapita, lakini uzi unararua. Kovu linalozunguka mfuko huweza kujikaza hadi titi likawa gumu, likapanda juu na kuuma. Mara nyingine mshono huachia, usaha hutunga, mfuko ukalazimika kutolewa. Mama ameshalipa na ameshaumia, na kifua ni kile kile.

Hayo si maneno ya barazani. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wanawake 622 waliotengenezewa matiti na wakapigwa mionzi. Ndani ya miaka miwili, karibu 39 katika kila 100 waliowekewa mifuko walipata matatizo. Kwa waliotumia nyama ya miili yao wenyewe, walikuwa karibu 26. Waliopoteza kabisa titi lililotengenezwa walikuwa karibu 19 katika kila 100 wenye mifuko, na 1 tu kwa wale wengine. Na hospitali za huko zina vifaa na wataalamu wengi kuliko zetu.

Sababu ya tofauti hiyo inaeleweka: nyama ya tumboni au mgongoni huja na mishipa yake ya damu. Ila upasuaji wake ni mrefu, na madaktari wanaouweza ni wachache nchini. Madaktari wengi hushauri pia kungoja miezi sita au zaidi baada ya mionzi. Mwenye kisukari au anayevuta sigara hatari yake ni kubwa zaidi. Na mama anayeamua kubaki bila titi, akavaa la bandia ndani ya sidiria, hajakosea chochote, mradi amechagua akijua.

Kujua ndiko kunakokosekana. Mwongozo wa taifa wa Kenya wa matibabu ya saratani wa mwaka 2019 umekwisha kusema mgonjwa ajadiliwe na timu ya wataalamu. Basi daktari wa kukata, wa mionzi na wa kutengeneza titi waketi meza moja kabla ya kisu, kisha mmoja wao amweleze mgonjwa kwa Kiswahili, na mumewe au dada yake akiwa pale. Aliye mbali apigiwe simu. Meza na simu hazihitaji mfadhili.

Baada ya matibabu mgonjwa anarudi nyumbani ng'ambo ya feri, na hapo ndipo tunapomsahau. Matatizo ya mionzi hayana haraka. Yanaweza kujitokeza miezi mingi baadaye, wakati ameshazoea kuvuka feri kwa shughuli zake nyingine. Kifua kikiwa chekundu na homa ikapanda, ataanzia kituo kilicho karibu naye, kama cha Mtongwe. Muuguzi wa pale atajuaje kwamba chini ya ngozi ile kuna mfuko na kwamba ngozi yenyewe ilipigwa mionzi? Akidhani ni jipu la kawaida atampa vidonge na kumrudisha nyumbani, na siku zinapotea.

Kila mama anakijua kitabu cha kliniki cha mtoto, na hakiachi nyumbani. Mgonjwa huyu naye apewe kadi: alifanyiwa upasuaji gani na lini, upande upi, mionzi iliisha lini, dalili zipi zisingoje kesho, na nambari ya simu inayopokelewa. Idara ya afya ya kaunti inaweza kuichapisha mwezi huu, ikaanzia Hospitali ya Rufaa ya Pwani na kusambaza nakala ya maelezo katika kila zahanati ya ng'ambo.