Kuasili Si kwa Matajiri Wagumba

Kwenye vyama vya akina mama, kwenye matanga, hata nje ya kanisa baada ya ibada, kuna jambo linalosemwa kana kwamba limeandikwa kwenye Katiba: kuasili mtoto ni kwa matajiri waliokosa kuzaa. Dokeza tu kwamba unafikiria kuasili, utaulizwa kwanza kama daktari amekukatia tamaa, kisha kama una nyumba Karen. Ni uongo huo, kwenye mali na kwenye ugumba pia, na unaumiza watu.

Wanaoueneza hawajaifungua sheria. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25, amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, na awe hajafika 65. Jamaa wa mtoto hata hafungwi na kipimo hicho cha umri. Mtu asiye na mwenzi anaweza kuomba. Wakiomba wawili, lazima wawe wamefunga ndoa. Nionyesheni kifungu kinachodai ploti, gari au geti lenye mbwa. Nionyesheni pia kinachotaka ushahidi kwamba tumbo limekataa. Mwenye watoto wanne wa kuzaa havunji sheria yoyote akiomba wa tano.

Tena wanaorudishwa mlangoni ndio wangewashangaza wasemaji wetu. Bwana mwenye majumba Nyali anayeishi na mpenzi wake bila ndoa hawezi kuasili pamoja naye, hata wawe wameishi hivyo miaka kumi. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku wageni kuasili watoto wa Kenya, na dola zao hazikuwafungulia njia. Lakini mwalimu wa shule ya msingi, miaka 31, hana mume, amepanga vyumba viwili Nakuru? Huyo hana sababu ya kuogopa kupeleka maombi.

Mtaniambia, si afisa wa ustawi huja kukagua nyumba? Huja. Anachokagua ni kama mtoto atapata pa kulala, kama riziki ni ya kutegemewa, na kama waliomo nyumbani wamekubali au wamenuna. Polisi watatoa cheti cha tabia njema, daktari ataandika ripoti. Mtoto ataishi nawe angalau miezi mitatu kabla ya amri kutolewa, na Mahakama Kuu itamteua mtu wa kutetea maslahi ya mtoto, si yako. Kwa mwendo huo, mwenye nyumba kubwa na hasira kubwa ana la kuhofia zaidi kuliko yule mwalimu.

Gharama zipo. Shirika la uasili lina ada, na wakili naye hana haya. Basi tuwapigie kelele wanaopanga ada. Kumwambia mwenye kipato cha kawaida kwamba hastahili ni kumfungia mlango ambao sheria imeuacha wazi.

Aliyeaminishwa kwamba hafai hakosi mtu wa kumnong'oneza njia ya mkato. Mwaka 2020 kipindi cha BBC Africa Eye kilifichua biashara ya kuuza watoto wachanga Nairobi, wengine wakiwa wameibwa kwa mama zao waliolala barabarani. Soko kama hilo haliishi bila wanunuzi, nami naamini kwamba aibu ya ugumba na ujinga wa sheria ndivyo vinavyowaleta. Mwanamke anafunga mto tumboni miezi tisa kuwaridhisha mawifi, ilhali angeweza kuingia mlango wa mbele, mchana, na jina lake halisi.

Pwani uongo huu umevaa kanzu: eti dini imekataza. Uislamu umekataza kubadili nasaba, kumwita mtoto kwa jina la asiyekuwa babake. Kumlea yatima haijapata kuwa dhambi. Sheria hiyohiyo ya 2022 inatambua kafala: mtoto anabaki na ubini wake, na mlezi anaweza kumuusia hadi theluthi moja ya mali yake. Asiyetaka kulea aseme hataki, asimsingizie Mungu.

Ila wanaonikera zaidi ni wanaodhani kuasili hakuwahusu kwa kuwa mtoto ni wa damu. Shangazi wa Siaya au Murang'a amemlea mtoto wa marehemu kaka yake tangu akiwa na meno mawili. Anastahili kuliko sisi sote, maana sheria ya 2022 imewatambua jamaa kwa jina, na hakuna aliyemwambia. "Karatasi za nini, huyu si wetu?" Anaendelea hivyo hadi siku ya pasipoti, ndipo anaulizwa yeye ni nani kwa mtoto huyu. Au hadi afe. Mtoto aliyeasiliwa hurithi sawa na wa kuzaa, lakini huyu hana hati, na watakaogawana shamba ni shemeji, mbele ya kijana aliyelipalilia miaka yote. Machifu wanazijua kesi hizi, kwa kuwa ndio wanaoitwa kuamua ugomvi. Kila mara wanaitisha baraza kuhusu pombe haramu. Waitishe moja kuhusu hili, na wasome vifungu hivyo kwa sauti.