Usipoziba ufa, utanunua injini

Msomaji, umewahi kusukuma gari ukiwa umevaa suti? Mimi nimewahi. Ilikuwa Januari, tukimpeleka bintiyetu shule ya bweni Kitale. Tuliondoka Kimilili alfajiri, sanduku la bati kwenye buti na godoro juu ya paa. Kabla ya kufika Kamukuywa, mshale wa joto ulikuwa umepanda kwenye nyekundu na mvuke ukifuka kwenye boneti kama sufuria ya githeri.

Kigari hicho nilikinunua kwa bei ya kutupa, nikajiona mjanja. Kilipoanza kupata joto, fundi alitoa themostati, akaniambia kwamba magari ya huku hayaihitaji. Nilifurahi kwa sababu hakunidai pesa nyingi. Kumbe tuliuficha ugonjwa tu.

"Baba Nekesa," mke wangu aliniambia pale kando ya barabara, "gari hili lilikuwa rahisi kununua. Kuwa nalo ndiyo kazi."

Binti alifika shuleni kwa matatu. Salio la karo yake likanunua gasketi na kulipia kazi ya kichwa cha injini. Baada ya wiki tatu alirudishwa nyumbani. Hakuniuliza lolote. Alilipita gari pale uani bila hata kulitazama.

Ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo ningeuliza kabla ya kulipa. Mombasa, maji huchemka kwa nyuzi 100. Huku kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huchemka kwa takriban nyuzi 95. Kifuniko cha rejeta hufungia presha ndani ili maji yasichemke mapema. Kikilegea, hata rejeta nzuri itatokota. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na gasketi.

Kwa hiyo, wewe unayetamani kigari cha bei nafuu, nenda ukakitazame asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akikiwasha kabla hujafika, jiulize kwa nini. Chomoa kijiti cha mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye injini. Mshukuru mwenyewe, uende zako. Uliza kama themostati ipo. Usijaze maji ya mto, maana huleta kutu na uchafu. Tumia dawa ya rejeta. Gari likichemka, zima injini na usubiri ipoe kabisa. Ukifungua kifuniko kikiwa moto, maji yatakuunguza uso.

Mwisho, usimalize pesa zote siku ya kununua. Weka akiba ya matengenezo, na isiwe ile ya karo.

Kigari changu bado kinatembea. Mwezi uliopita kilimfikisha binti Kitale bila kutokota. Alipokuwa akishuka, alikipiga kofi dogo kwenye boneti, akacheka. Nadhani tumesamehewa, mimi na gari.

Tukutane Jumapili ijayo.