Daftari la Wiki: Bogart Alipopita Butiaba

Ukitoka Kampala ukapita Masindi, kisha ukateremka ukingo wa Bonde la Ufa, unafika Butiaba, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Albert. Hapo ndipo mwongozaji John Huston alipowaleta waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mwaka 1951, wakitokea Kongo ya Wabelgiji, kuipiga picha filamu ya *The African Queen*. Kituo cha wamisionari kinachoteketezwa mwanzoni mwa hadithi kilijengwa hapo.

Karibu kikosi kizima kiliugua tumbo. Hepburn, aliyechukizwa na ulevi wa Bogart na Huston, alishikilia kunywa maji, naye akaumwa sana. Mtazame anavyopiga kinanda kanisani: ndoo ilikuwa kando yake, nje ya picha, maana alikuwa akitapika. Na bado anaimba! Kwangu hakuna uigizaji wa ushupavu unaoupita huo. Bogart na Huston walisalimika, na Bogart alisema dawa yake ilikuwa whisky. Yeye ndiye aliyeondoka na Oscar, ya pekee maishani mwake.

Hadithi inasema mashua iitwayo African Queen inateremka Mto Ulanga mpaka ziwani. Ulanga wa kweli uko Tanzania, na maji yake huingia Rufiji, kisha Bahari ya Hindi. Mto unaouona kwenye filamu ni Ruiki wa Kongo na Nile yetu kwenye Maporomoko ya Murchison. Bogart na Hepburn wanapojitosa majini, ujue hilo ni tangi la studio jijini London.

Mashua yenyewe ilifanya kazi Ziwa Albert miaka mingi kabla ya kuwa nyota. Sasa inabeba watalii Key Largo, Florida.



Linaloniuma ni hili: wanakijiji wanaojaza lile kanisa hawakuandikwa majina kwenye filamu. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 Butiaba wakati ule sasa amepita 80. Ukumbi wetu wa Taifa hapa Kampala ungeionyesha filamu hii mwaka huu, na wazee wa Butiaba wakaletwa, wakakaa viti vya mbele, wakatutajia nani ni nani.